Mji Mkongwe: tunaouonyesha ndio tunaodaiwa

Matembezi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar huanzia Forodhani, asubuhi, jua likiwa bado halijapanda. Mtembeza watalii huwakusanya wageni wake chini ya miti, akaipa bahari mgongo, akanyoosha mkono kuelekea Beit el Ajaib. Kwa zaidi ya karne moja mkono huo ulionyesha jumba zima. Tarehe 25 Desemba 2020 jumba hilo lilimeguka. Sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said. Lilikuwa refu kuliko yote mjini, na la kwanza kuwa na taa za umeme. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilizipiga kasri za Forodhani kwa mizinga katika vita vilivyomalizika kabla saa moja haijatimia. Beit el Hukm, jirani yake, ilivunjwavunjwa. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake uliharibiwa. Beit el Ajaib ilibaki imesimama. Mizinga haikuiweza, iliyoiweza ni miaka ya kuchakaa bila kutibiwa kwa wakati. Na onyo lilikuwepo. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka, watu wakaiona, wakaipiga picha, wakaijadili. Miaka minane ilipita baina ya onyo hilo na vifo vya watu wawili.

Jarida hili halina haja ya kurudia masikitiko, kwa kuwa rambirambi zilishatolewa. Tunalosema ni kwamba nyumba za Mji Mkongwe hazianguki kwa sababu ya uzee. Zinaanguka kwa sababu zipo kazi ndogondogo, zinazojulikana, zenye wenyewe, ambazo hazifanywi, na sisi sote tunaoutembeza mji huu kwa fahari na kuishi kwa fahari hiyo tunaziona hazifanywi. Anayeuza uzuri wa nyumba anadaiwa matunzo yake. Tutaupitia wajibu huo mtaa kwa mtaa, njia ileile anayopitishwa mgeni.

Kutoka Forodhani mgeni hufuata barabara ya Mizingani hadi kwenye jengo ambalo wengi hulifahamu kwa jina la Zahanati ya Kale. Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri wa Kihindi, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, akafariki kabla ya kuliona limekamilika. Lilikamilika mwaka 1894. Roshani zake za mbao zimetobolewa nakshi nyembamba kama kofia ya viua, na vioo vya rangi vinatia ndani mwanga wa kijani na wa manjano. Katika miaka ya 1980 jengo hilo lilikuwa limechakaa kiasi cha watu kuogopa kupita chini yake. Katika miaka ya 1990 taasisi ya Aga Khan ilililipia, mafundi wakapewa muda na vifaa, likarudi kama linavyoonekana leo. Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyoikarabati bustani ya Forodhani, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Tunaitolea shukrani ya dhati. Lakini nyumba moja iliyookolewa na mfadhili haiwi sera ya mji. Mfadhili huchagua jengo zuri lililoelekea bahari. Nyumba ya ndani kabisa Kiponda, isiyo na roshani ya kupigwa picha, haina mfadhili na haitampata. Ina mwenyewe tu.

Sasa tuingie ndani, Malindi kwanza, tupite msikiti wenye mnara wa umbo la pia, ambao mfano wake ni nadra katika pwani nzima ya Afrika Mashariki, kisha tuteremke kuelekea Kokoni. Vichochoro vinabana hapa. Watu wawili wakikutana, mmoja hugeuza bega. Tulipita njia hiyo Novemba, asubuhi iliyofuata usiku wa mvua ya vuli, tukasimama mbele ya nyumba moja ya ghorofa mbili ambayo hatutaitaja. Mlango wake ni wa kuchonga, wa mtindo wa zamani wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, mfaa wake una nakshi ya mnyororo, na misumari ya shaba imepangwa safu kwa safu. Kundi la wageni lilikuwa limeuzunguka. Mtembezaji wao aliwaeleza habari za mnyororo na samaki na mtende, akawaeleza vizuri, nao wakausogelea wakaigusa misumari.

Hakuna aliyeinua macho. Juu ya mlango huo mlizamu wa bati ulikuwa umekatika katikati, na maji yaliyobaki paani yalikuwa yakichuruzika moja kwa moja ukutani. Pale yalipopita ukuta ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Lipu ilikuwa imevimba kama mkate wa mofa ulioungua upande mmoja. Kwenye ufa, urefu wa mtu mmoja na nusu kutoka chini, mche wa mkuyu ulikuwa umeshatoa majani sita. Tuligusa lipu kwa kidole, ikamwagika unga mwekundu, maana chokaa ilikuwa imeshaoshwa na uliobaki ni udongo mtupu. Fundi mwashi aliyekuwa nasi alikadiria kwamba kuutengeneza mlizamu ule ni kazi ya asubuhi moja: ngazi, kipande cha bati na misumari. Kung'oa mche ni kazi ya dakika tano, madhali mizizi haijafika ndani.

Tunaomba msomaji asimame nasi hapo kidogo, kwa sababu mlizamu ule unaeleza zaidi ya nusu ya maradhi ya mji. Ukuta wa nyumba hizi una unene wa nusu mita na zaidi, na umejengwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoshikanishwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti yamepangwa mawe na kushindiliwa chokaa ikawa sakafu. Mkoko una urefu wake, haurefushwi. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, kama vilivyo vyumba vya nyumba za kale za Lamu, na vya miji ya Oman na Ghuba ambayo majahazi yake yalikuwa yakipakia boriti kutoka delta ya Rufiji. Ncha za boriti hizo zimezikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukilowa kila mvua inaponyesha, ncha huoza mahali ambapo jicho halifiki. Boriti moja ikilegea, mzigo wake huhamia kwa jirani yake, na jirani naye ameanza kuoza kwa maji yaleyale. Sakafu ya namna hiyo ni nzito mno, na ikiamua kushuka haitoi taarifa ndefu. Zamani mapaa mengi yalikuwa bapa, ya chokaa. Yalipoanza kuvuja yaliezekwa mabati juu. Tangu hapo uhai wa nyumba umekuwa mikononi mwa bati na mlizamu, vitu viwili ambavyo mwenye nyumba yeyote anaweza kuvitazama kwa kupanda ngazi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Kosa la pili ni saruji, na hili linafanywa hata na watu wenye nia njema. Mwenye nyumba anaona lipu imevimba, anamwita fundi, fundi anabandua lipu ya chokaa na kupiga saruji kwa kuwa saruji ni ngumu na hukauka upesi. Kwa mwaka mmoja ukuta unapendeza. Lakini ukuta wa matumbawe huvuta unyevunyevu kutoka chini na kutoka hewa ya bahari, na chokaa huuachia utoke taratibu. Saruji huufungia ndani. Unyevu na chumvi yake vinapanda juu, vinatafuta njia, vinaufikia mti wa boriti. Baada ya miaka michache saruji inabanduka kwa mabamba na kuondoka na vipande vya ukuta wenyewe. Mafundi wazee wa chokaa wanalijua jambo hili. Wanajua namna ya kuchoma matumbawe kwenye tanuu, kuizimua chokaa kwa maji na kuiacha ilale mpaka iive. Kazi yao ni ya polepole, haimvutii kijana anayeweza kulipwa kwa kutwa kwenye jengo la zege. Ikiwa mafundi hao wataondoka bila wanafunzi, sheria yoyote ya kuwalazimisha watu watumie chokaa itakuwa imekosa mikono ya kuitekeleza. Wajibu wa kuwalipa wafundishe ni wa Serikali, na hatuoni kisingizio cha kuuchelewesha.

Kuna na habari ya maji ya ndani. Katika nyumba ya asili choo kilikaa pembe moja, ghorofa juu ya ghorofa, ili maji yashuke mahali pamoja penye kuta zilizotayarishwa. Nyumba iliyogeuzwa hoteli inataka bafu kila chumba. Iliyogawanywa kwa familia tano au sita inataka jiko kila ubavu na tangi la maji juu ya dari. Bomba moja linalodondosha tone tone chini ya vigae, juu ya sakafu ya chokaa na boriti, hufanya kwa miaka mitano kazi ambayo jua na upepo havikuifanya kwa miaka mia moja. Wawekezaji wa hoteli hawana haki ya kusema hawakujua. Wanaiuza nyumba kwa jina lake la kale, wanatundika mbele yake taa za shaba, wanamweleza mgeni habari za Sultani. Bei ya chumba inatokana na ukuta huo. Basi na ukaguzi wa mabomba uwe sehemu ya gharama ya chumba, kila mwaka, na taarifa yake ifike kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji ya Mji Mkongwe.

Nani ni mwenye nyumba? Swali hili Zanzibar lina historia, na hatutalikimbia. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 wamiliki wengi waliondoka, nyumba nyingi zikataifishwa, na wakapewa watu ambao hawakuwahi kumiliki chumba cha mawe. Ilikuwa ni kutimiza haki kwa watu waliokuwa wamenyimwa mji kwa muda mrefu. Lakini nyumba zilipotolewa hazikutolewa pamoja na fedha za kuzitunza, na kodi iliyolipwa kwa miaka mingi haikutosha hata kununua pipa la chokaa. Juhudi kubwa ya Serikali za wakati huo ilielekezwa Ng'ambo, kwenye majumba ya Michenzani. Mji wa mawe ulisubiri. Leo nyumba zake ziko katika mikono mitatu: ya Serikali, ya wakfu na ya watu binafsi, na kila mkono una tabia ya kuuonyeshea kidole mwingine.

Juu ya wakfu tunataka kusema kwa uwazi, kwa heshima yote inayostahiki jambo la ibada. Mtu aliyeiweka nyumba yake wakfu miaka mia moja iliyopita alikusudia thawabu yake iendelee madhali nyumba inaendelea. Fiqhi haikuliacha jambo hili gizani: pato la wakfu huanza kuimarisha mali yenyewe, kisha ndipo hugawiwa walengwa. Nyumba ya wakfu ambayo kodi yake inapokewa kila mwezi huku paa lake linavuja ni amana inayovunjwa. Kamisheni inayosimamia mali hizo inajua hukumu hii kuliko mwandishi yeyote. Tunaitaka itangaze, nyumba kwa nyumba, kodi inayoingia na kiasi kinachorudi ukutani. Na wapangaji wa wakfu nao wakubali kwamba kodi ya miongo iliyopita haiwezi kuinunua hata boriti moja ya leo.

Kutoka Kokoni njia inapinda hadi Hurumzi, kisha Sokomuhogo. Hapo kuna kiwanja kidogo ambacho siku hizi hata wenyewe wanakiita Jaws Corner. Asubuhi muuza kahawa ameshaweka mdila juu ya makaa, wazee wamekaa barazani, dhumna zinagongwa mezani. Mgeni hufikishwa hapa aonyeshwe maisha. Ni vyema aonyeshwe, kwa sababu baraza ile ni ukumbi, ni gazeti, ni mahakama ndogo ya mtaa, na ikinyesha mvua kubwa ni njia ya kupita pasipo kulowa miguu. Hata hivyo kila mwaka familia kadhaa zinahama mitaa hii. Kodi imepanda, jirani amekuwa nyumba ya wageni, bati linavuja na mwenye nyumba hajibu simu. Wakiondoka wakaazi, mji unapoteza walinzi wake wa usiku. Anayelala ndani ya nyumba ndiye anayesikia tone la kwanza. Mgeni wa siku mbili hasikii, akisikia anadhani ni desturi ya nyumba.

Mkaazi naye hatumsamehe kila kitu. Maji machafu yanamwagwa kichochoroni yakajikusanya chini ya msingi wa jirani. Taka zinalazwa ubavuni mwa msikiti zikisubiri gari. Vijana wanapitisha vespa na pikipiki kwa kasi kwenye njia zilizopimwa kwa mtu na punda wake, na kuta zenye nyufa zinatikisika kutwa nzima. Kuna milango iliyong'olewa usiku na kuuzwa, na anayeuza mlango wa babu yake kwa mchuuzi wa vitu vya kale anajua kwamba hautarudi. Mlango huo ukishavuka bahari, kichochoro kizima kimevuliwa nguo. Sheha na wazee wa mtaa wana sauti katika mambo haya yote, na sauti hiyo haihitaji bajeti.

Wajibu mwingine ni wa ulimi, na hapa tunawaelekea watembezaji wenyewe. Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873, limesimama kanisa kuu la Anglikana lililojengwa chini ya Askofu Edward Steere, yuleyule aliyetuachia vitabu vya awali vya sarufi ya Kiswahili. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, zimesimama ndani ya shimo, na mtu huzitazama kwa kuinamisha kichwa. Karibu yake, chini ya jengo lililojengwa na wamisionari, kuna vyumba vya giza ambavyo wageni huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri kupigwa mnada. Wanahistoria wamelihoji dai hilo, kwa kuwa jengo lenyewe ni la baada ya soko kufungwa. Mateso ya watu wale yalikuwa ya kweli, na yalifanyika palepale. Hayahitaji kuongezewa chumba. Anayeyapamba ili bakshishi iongezeke anawapa wakanushaji fimbo ya kuwapigia wahanga.

Na Shangani, mbele ya nyumba aliyoishi Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, wapo wanaofanya kinyume chake: wanasifu mlango wa nakshi na kuyamaliza maisha ya mtu huyo kwa neno moja, mfanyabiashara. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyefika mpaka Maniema na maporomoko ya Stanley, aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, akafariki hapa mjini mwaka 1905. Kiswahili kinachozungumzwa leo mashariki ya Congo kilipita, kwa sehemu, katika njia za misafara ya watu kama yeye. Mgeni kutoka Kisangani au Bujumbura akisimama mbele ya mlango ule ana haki ya kuambiwa yote, uzuri wa nakshi na bei iliyolipwa kwa ajili yake. UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, haikutazama roshani peke yake. Ilitazama mchanganyiko wa Waafrika, Waarabu, Wahindi na Wazungu ulivyojengwa kwa mawe, na ikatazama pia nafasi ya mji huu katika biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake. Anayeificha sehemu ya pili anaivunja ahadi tuliyowekeana na dunia, kama anayebomoa ukuta.

Ahadi hiyo inaweza kufutwa. Hifadhi ya choroa nchini Oman iliondolewa katika orodha mwaka 2007, bonde la Elbe la mjini Dresden likaondolewa mwaka 2009 kwa sababu ya daraja, na Liverpool mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya yaliyoruhusiwa kusongamana kwenye bandari yake ya kale. Yote ni ya nchi zilizo tajiri kuliko sisi. Kwetu, Kamati ya Urithi wa Dunia ilishalalamikia hoteli iliyojengwa Shangani ikaunganishwa na nyumba ya kale ya Mambo Msiige. Hoteli ilimalizika, ikafunguliwa. Upande mwingine, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, kazi ikafanywa, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Kwa hiyo kutengeneza kunawezekana, katika pwani hiihii na kwa mawe yaleyale.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji ya Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985. Ina mpango mkuu wa mwaka 1994 na sheria ya mwaka 2010. Hakuna anayeweza kusema kwamba hatukuwa na chombo. Chombo hicho hutoa kibali cha ujenzi, hukataza saruji, huamuru kazi isimamishwe. Tatizo letu ni yale yanayofuata baada ya amri. Mtu mdogo akiongeza kibanda cha choo bila kibali, amri inamfika kesho yake. Mtu mkubwa akiongeza ghorofa, amri inapita ofisi nyingi, na inapofika ghorofa imeshapakwa rangi. Sheria inayowaogopa wakubwa huwafunza wadogo nao waidharau, na mji wenye hekta 96 tu za urithi hauna nafasi ya kubeba dharau hiyo kwa muda mrefu.

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 600,000. Wengi wao, hata waliolala Nungwi au Paje, walishinda walau nusu siku wakitembezwa katika vichochoro hivi. Fedha zao ziligawanyika kwa hoteli, magari, watembezaji, papasi na kodi za Serikali. Ukuta wa Kokoni ambao misumari yake waliigusa haukupata kitu. Hili si haki, na linarekebishika bila kusubiri mfadhili wala mkutano. Sehemu ya malipo ya kila matembezi iende kwenye mfuko wa milizamu na mapaa kwa nyumba za wakaazi wasio na uwezo, na hesabu zake zibandikwe Darajani pale watu wanapopita. Kila Januari Mamlaka ipeleke wakaguzi wapande paa kwa paa, na nyumba iliyokutwa na bati lililotoboka itangazwe pamoja na jina la mwenye wajibu nayo, hata akiwa ni wizara. Mtembezaji asipewe leseni kabla ya kujua historia ya Mkunazini kwa ukweli wake, na afundishwe kuutambua ukuta unaokufa. Kila asubuhi anapita mbele ya nyumba ambazo mkaguzi huzifikia mara moja kwa mwaka. Akiona mlizamu umekatika atoe taarifa siku ileile.

Wewe unayeishi Muscat, London au Toronto, na umerithi robo ya nyumba Kiponda pamoja na ndugu saba msioelewana, nawe umo. Mgogoro wa mirathi hauzuii mvua. Kubalianeni paa kwanza, mgawane baadaye.

Tulipita tena Kokoni wiki iliyopita. Mlango ulikuwa umepigwa mafuta, unang'aa, na kundi jingine la wageni lilikuwa likiupiga picha. Mlizamu bado umekatika. Mche wa mkuyu una majani kumi na moja. Masika yanaanza Machi.